AFYA YA JAMAA: Kopo la nguvu na misuli ya kijana



Mwezi huu tunaongea juu ya neno moja ambalo linasumbua wazazi katika makambi na miji yetu ya migodi. Kijana anafika miaka 17 ao 20. Anaanza kuinua vyuma na wenzake nyuma ya nyumba: fimbo moja ya chuma na makopo mawili yaliyojazwa simenti. Hilo ni jambo zuri, hakuna wa kumukataza. Lakini kiisha miezi miwili anajiangalia katika kioo na kuona mikono yake haiko kama ya wale watu wa picha. Mwenzake anamuambia: « Wewe unakosa testosteroni. Kuko dawa ya miti, haiko mubaya, ni ya asili. » Siku ya mushahara, ao siku ya kuuzisha mifuko ya mawe, feza inaenda kwa kopo moja lenye picha ya simba.

Na si vijana tu. Baba wa miaka 45 anayebeba muzigo kutoka shimoni anasikia nguvu zimepunguka, naye anaambiwa maneno yale yale. Basi tuulize bila haya: hizi dawa ni nini? Zinajenga misuli kweli? Na zinaweza kuleta hasara gani ndani ya nyumba?

TESTOSTERONI NI NINI?

Testosteroni ni homoni, ni kusema mujumbe anayetembea katika damu kupeleka amri kwa viungo. Kwa mwanaume inatengenezwa zaidi katika mapumbu. Wanawake pia wako nayo, lakini kidogo sana. Wenye elimu waliitoa ikiwa safi kwa mara ya kwanza mwaka wa 1935, na mwaka ule ule wakajua kuitengeneza wenyewe. Homoni hii njo inamupa kijana sauti nzito, ndevu, mifupa minene na misuli. Inasaidia pia kutengeneza mbegu za uzazi.

Mwili hauitengenezi ovyo. Chini ya ubongo kuko tezi ndogo sana, nayo ni kama kapita wa kazi. Testosteroni ikipunguka katika damu, kapita anatuma amri: « Fanyeni kazi! » Ikizidi, kapita ananyamaza na wafanyakazi wanaweka vyombo chini. Mufano huu wa kapita muushike vizuri, tutaurudilia mbele.

Kwa wanaume wazima wenye afya, kipimo kinatofautiana sana: karibu nanogramu 300 mpaka 1.000 katika desilita moja ya damu. Asubuhi kiko juu, mangaribi kinashuka. Mwenye 400 na mwenye 700 wote wawili wako wazima. Kupanda kidogo kwa siku chache ndani ya mipaka hiyo hakugeuzi mikono ya mutu.

JE, TESTOSTERONI INAJENGA MISULI?

Ndiyo, tusidanganyane. Mwaka wa 1996 wanganga wa Marekani walitoa matokeo ya uchunguzi juu ya wanaume 43. Wengine walipigwa sindano ya testosteroni, miligramu 600 kila juma kwa majuma 10. Wengine walipigwa sindano isiyo na dawa. Waliopata dawa na kuinua vyuma waliongeza karibu kilo 6 za mwili usio mafuta. Waliopata dawa bila mazoezi waliongeza karibu kilo 3. Walioinua vyuma bila dawa waliongeza karibu kilo 2.

Njo hapo wauzishaji wa makopo wanakamatia maneno yao. Lakini tuangalie vizuri: zile miligramu 600 zilikuwa karibu mara 6 ya kipimo ambacho munganga anamupa mugonjwa ambaye mwili wake unakosa homoni. Na ilikuwa sindano ya testosteroni yenyewe, chini ya macho ya wanganga, si unga wa mizizi ndani ya kopo. Kopo linakopa sifa ya sindano, lakini halina kitu cha sindano.

MITI NA UNGA WA KOPO

Tuchukue moja moja.

Tribulusi ni mumea wa kutambaa wenye miiba. Ulipata sifa katika miaka ya 1980, juu ya wainua-vyuma wa Bulgaria. Basi mwaka wa 2005 wenye elimu wa kule kule Bulgaria waliupima kwa vijana wenye afya: testosteroni haikupanda. Mwaka wa 2007, Australia, wachezaji 22 wa ragbi walifanya mazoezi majuma 5. Wengine walikunywa tribulusi kila siku, wengine kinini kisicho na dawa. Nguvu na misuli viliongezeka kwa wote, kwa sababu wote walifanya mazoezi. Walio na tribulusi hawakupita wenzao hata kidogo.

Asidi ya D-aspartiki. Mwaka wa 2009 uchunguzi mumoja ulionyesha kwamba gramu 3 hivi kwa siku zilipandisha testosteroni kiisha siku 12. Watu wakashangilia, makopo yakajaa. Lakini wale walikuwa wanaume wasiozoea vyuma. Mwaka wa 2013 ilipimwa kwa wale wanaoinua vyuma, siku 28: hakuna kitu. Mwaka wa 2015 wakajaribu gramu 6 kwa siku, na testosteroni ikashuka! Kijana alilipa feza ili apande, akateremuka.

Uwatu, ashwagandha, tongkat ali. Hii ni miti ya Asia. Kuko chunguzi ndogo ndogo zilizoona kupanda kidogo, na kuko zingine zisizoona kitu. Nyingi kati ya hizo nzuri zililipiwa na wale wale wanaouzisha dawa. Tena ashwagandha imeumiza maini ya watu kadhaa, na inchi ya Denmark iliikataza mwaka wa 2023.

Kimbiolongo. Hapa tuko kwetu. Watu wa magaribi ya Kongo wanaujua muzizi huu, wa Kenya wanauita mukombero, wa Uganda mulondo. Unatafunwa, unanukia vizuri, na wazee wanausifu. Katika Kamerun wenye elimu waliupa panya dume. Kiisha siku 8 testosteroni ya panya ilipanda. Lakini katika uchunguzi mwingine, panya walioendelea kuupata karibu miezi miwili waliharibika kazi ya kutengeneza mbegu. Kutafuna kipande ukiongea na rafiki ni jambo moja; kunywa unga wake kila siku mwezi kwa mwezi ili upate kifua ni jambo lingine. Na panya haiko baba wa jamaa.

Mwaka wa 2020 wanganga wa Marekani walikamata bidhaa 50 za namna hii na kusoma kila kitu kilichoandikwa juu yake. Kati ya 10, 9 zilisema zinapandisha testosteroni. Walipotafuta ushuhuda wa kila kitu kilichochanganywa ndani, waliupata kwa karibu robo moja tu. Karibu moja kati ya 10 ya vitu vile vilikuwa na ushuhuda wa kuishusha!

ZINKI: KUKOSA NI KUBAYA, KUZIDISHA NI KUBAYA

Juu ya zinki kuko ukweli ambao wauzishaji wanaukata nusu. Mwaka wa 1996 katika muji wa Detroit, vijana wenye afya walilishwa chakula chenye zinki kidogo sana kwa majuma 20. Testosteroni yao ilianguka mpaka karibu robo ya ile ya mwanzo. Kwa hiyo mutu anayekosa zinki anapashwa kuipata, na hali yake inaweza kutengenea.

Lakini aliye nayo ya kutosha hapati kitu akiongeza. Mufano ni mutungi: ukijaa, maji ya kuzidi yanamwangika inje. Mwanaume anahitaji karibu miligramu 11 kwa siku, na haifai kupita 40. Nyama, samaki, maharagi, kalanga na vinkubala viko nayo. Wanaomeza vinini vya zinki vingi kwa muda murefu wanapata taabu ya ajabu: zinki inazuia tumbo kupokea shaba, damu inapunguka na mishipa ya fahamu inaumia. Tufikiri kidogo: mutu anaishi juu ya mawe ya shaba, analala karibu na shaba, anakula mushahara wa shaba, na mwili wake unagonjwa kwa kukosa shaba!

« NI YA ASILI, HAIWEZI KUUMIZA »

Neno hili linatupasha kuangalia sana. Muhogo mukali ni wa asili, na usipolowekwa unaua. Lakini hatari kubwa haitoki kwa miti yenyewe. Inatoka kwa kile kisichoandikwa juu ya kopo.

Kutoka 2007 mpaka 2016, wakubwa wa dawa wa Marekani walivumbua bidhaa 776, zilizoitwa chakula cha kuongeza nguvu ao afya, zenye dawa zilizofichwa ndani. Katika zile za misuli walipata zaidi homoni za kutengenezwa, zinazoitwa steroidi. Katika zile za nguvu za kitanda walipata mara nyingi sildenafil, dawa ya farmasi ambayo inaweza kuua mutu anayemeza dawa fulani za moyo. Kama mambo haya yanapita katika inchi yenye laboratwari nyingi na sheria kali, kopo linaloanikwa juani sokoni bila jina la mutengenezaji, nani amelipima?

Sasa turudilie kapita wetu. Kijana anakunywa kopo lenye steroidi iliyofichwa. Misuli inapanda haraka, wenzake wanamusifu. Lakini kapita anaona homoni imejaa katika damu, ananyamaza. Mapumbu yanaacha kazi na kupunguka ukubwa. Mbegu za uzazi zinapunguka, na zinaweza kwisha kabisa.

Hii haiko hadisi ya kuogopesha watoto. Shirika la Afya la Dunia lilipima sindano za testosteroni kama njia ya wanaume ya kupanga uzazi! Matokeo yalitoka mwaka wa 1990. Kati ya wanaume 271 waliopigwa miligramu 200 kila juma, 157 hawakubaki na mbegu hata moja katika miezi 6. Walipoacha sindano mbegu zilirudi, lakini ilichukua miezi. Na wale walikuwa wanafuatwa na wanganga. Anayekunywa vipimo vikubwa asivyovijua, miaka kwa miaka, anaweza kungoja muda murefu sana.

Muone mambo yanavyogeuka. Kijana alitafuta kuonekana mwanaume. Anaoa, mwaka unapita, miaka miwili, hakuna mimba. Na sisi tunajua desturi yetu: jamaa ya bwana inaanza kumutazama bibi. Wanamupeleka huku na huku, wanamutukana, wengine wanataka arudishwe kwao. Hakuna anayeuliza bwana alikunywa nini alipokuwa na miaka 20. Njo maana kopo hili si neno la kijana peke yake, ni neno la nyumba nzima.

Kuko tena hasara zingine: maziwa kuota kifuani kama ya musichana, chunusi nyingi, hasira, damu kuwa nzito, moyo na maini kuumia. Kwa kijana ambaye hajamaliza kukomaa, homoni hizi zinafunga mifupa mbele ya wakati na anabaki mufupi maisha yote. Musichana akizimeza, sauti yake inakuwa nzito na hairudi. Na muchezaji wa mpira ao wa judo akipimwa, hataokolewa na neno « sikujua ». Sheria ya michezo inasema kilicho katika mwili wako ni daraka lako.

BASI MISULI INATOKA WAPI?

Inatoka kwa vitu vitatu ambavyo haviko ndani ya kopo.

Cha kwanza ni kazi inayopanda pole pole. Musuli unajengwa unapoombwa kuliko ulivyozoea. Aliyeinua kilo 20 mara 10, ajaribu mara 12, kiisha kilo 22. Mara mbili ao tatu kwa juma inatosha, na siku za kupumzika katikati. Anayebeba mifuko shimoni kutwa nzima, huyo tayari amefanya mazoezi. Akiongeza vyuma kila mangaribi anachosha mwili tu.

Cha pili ni chakula. Mwaka wa 2018 wenye elimu walikusanya chunguzi 49 pamoja na kuona kwamba anayeinua vyuma anapata faida ya proteini mpaka karibu gramu 1,6 kwa kila kilo ya mwili kwa siku. Kupita hapo, faida haionekani tena. Kwa kijana wa kilo 60 ni gramu 96 hivi. Mama, usiogope hesabu hii! Kikombe cha maharagi makavu cha gramu 150 kina karibu gramu 32 za proteini. Kalanga gramu 100 ziko na 25. Ndagala kavu gramu 40 ziko na 24 hivi. Unga wa mahindi gramu 300 uko na karibu 24. Jumla inapita 100, bila nyama na bila kopo. Yai moja linaongeza 6. Vinkubala vikavu, karibu nusu ya uzito wake ao zaidi ni proteini. Lakini bukari ya muhogo peke yake inashibisha tumbo tu, iko na proteini kidogo sana. Kama kwenu munakula zaidi muhogo, muchanganye unga wa mahindi, na maharagi yasikose.

Cha tatu ni usingizi. Mwaka wa 2011, katika muji wa Chicago, vijana 10 wenye afya walilazwa saa 5 tu kila usiku kwa juma moja. Testosteroni yao ya muchana ilishuka kwa 10 mpaka 15 kwa mia. Ni kusema, kijana anayezunguka mpaka saa saba ya usiku na kuamka saa kumi na mbili anajinyima mwenyewe kile anachoenda kununua. Kwa wanaofanya poste ya usiku, jamaa inapashwa kusaidia: pazia nzito dirishani, watoto wacheze mbali, mutu alale.

Na lutuku? Pombe kali inapiga mapumbu na maini pamoja. Hakuna muti wa kutengeneza kile ambacho lutuku inabomoa kila siku ya mushahara.

KAMA NGUVU ZINAPUNGUKA KWELI

Kuko wanaume ambao mwili wao unakosa testosteroni kwa ugonjwa. Alama ziko: hamu ya bibi inakwisha, ndevu zinapunguka, misuli inayeyuka bila sababu, kuchoka hakuishi. Huyo asiende sokoni, aende hospitali. Damu inapimwa asubuhi, na mara mbili, siku mbalimbali, kwa sababu kipimo kimoja kinaweza kudanganya. Dawa yake iko, na munganga anaifuata. Akiwa bado anataka watoto, amuambie munganga mbele ya kuanza, kwa sababu munajua sasa kazi ya kapita.

Lakini kwetu, wengi wanaochoka hawakosi homoni. Wako na malaria isiyopona vizuri, minyoo, bilharzia, damu kidogo, kifua kikuu, sukari, ao mawazo ya madeni. Kifua kikuu zaidi tukiangalie, kwa sababu vumbi ya mawe inakisaidia kuingia. Anayekonda, anayekohoa zaidi ya majuma mawili na kutoka jasho usiku, akimeza kopo la simba anapoteza miezi ambayo ingemuponyesha, na wakati ule anaambukiza watoto wake.

KWA WAZAZI

Ukivumbua kopo chini ya kitanda cha mutoto wako, usilitupe kwa makelele mbele ya wenzake. Atanunua lingine na kulificha vizuri zaidi. Mukae pamoja, musome etiketi. Mutengenezaji ni nani? Iko inchi gani? Kipimo cha kila kitu kimeandikwa, ao wameandika tu « muchanganyiko wa siri »? Linaahidi misuli katika siku 10? Hakuna chakula wala muti unaofanya hivyo, na kama misuli inapanda kwa mwendo ule, muogope kilicho ndani. Akiwa na macho ya manjano, mukojo mweusi ao maumivu upande wa kuume wa tumbo, aache mara moja na apelekwe hospitali pamoja na kopo lenyewe, ili munganga aone alichokunywa.

Kiisha mufanye hesabu naye kwa bei ya soko lenu: kopo lile, ni vikombe vingapi vya maharagi, vya kalanga, vya ndagala? Mumuachie aandike yeye mwenyewe. Kijana anayejua kupima vyuma vyake anajua pia kupima feza yake.

Na baba, ukiwa na nafasi, utoke inje uinue vyuma pamoja naye. Hata mara tano tu. Atacheka, lakini utakuwa karibu naye siku rafiki yake atakapokuja na kopo lingine.

Mubaki na afya.